Wastani Haumwoni Mtoto Huyu

Ripoti za muhula za shule zetu za msingi huwa na mistari mingi, lakini wazazi wengi tunaanza kuzisoma kutoka chini, kwenye wastani na nafasi. Tukishajua mtoto ni wa ngapi kati ya wangapi, tunaona tumemjua. Kwa watoto wengi njia hiyo haina madhara makubwa, kwa kuwa alama zao hukaribiana. Wako watoto, hata hivyo, ambao wastani hauelezi chochote kuwahusu, na binti yangu ni mmoja wao. Kwenye hesabu za kichwa hakuna anayemfikia darasani, na kwenye imla hupata maneno mawili au matatu kati ya kumi. Ukijumlisha alama zake na kuzigawanya unampata mtoto wa katikati, yule ambaye walimu humwandikia "ana uwezo, aongeze bidii", na mtoto huyo wa katikati hayupo. Aliyepo ana kipaji kikubwa na ugumu mkubwa wa kujifunza kwa wakati mmoja.

Watoto hawa wapo katika kila shule, na msaada wanaoupata mara nyingi hupangwa kwa utaratibu usiowafaa: kwanza asome na kuandika kama wenzake, kisha tutaona habari za kipaji. Hoja yangu ni kwamba utaratibu huo unamwumiza mtoto pande zote mbili. Kipaji chake kinapaswa kulishwa kwa kimo kilichofikia leo, na kusoma kufundishwe kuanzia pale alipo leo, yote mawili katika juma hilohilo, bila kimoja kufanywa malipo ya kingine.

Nitaeleza kwanza kipaji chenyewe, kwa sababu kikitajwa kijuujuu husikika kama majivuno ya mzazi. Tunaishi Tanga, na mama yangu huenda kutafuta pweza miambani maji yanapokupwa. Saa zake anazijua kwa mazoea ya miaka mingi: siku za bamvua maji hukupwa sana kwenye saa nne asubuhi na kujaa kwenye saa kumi jioni, na siku za maji mafu mambo hugeuka, tena maji hayaendi mbali. Binti yangu, alipokuwa Darasa la Tatu, alifuatana na bibi yake wakati wa likizo, akawa anachora alama kwenye kalenda ya ukutani: mduara mtupu, mduara uliojazwa, vistari pembeni. Hakuandika neno hata moja. Jioni moja akamwambia: "Bibi, kila siku maji yanachelewa kama dakika hamsini. Siku saba ni karibu saa sita. Ndiyo maana saa yenu ya kupwa kwenye bamvua inakuwa saa ya kujaa kwenye maji mafu." Hesabu hiyo hakuna aliyemfundisha.

Swali lililofuata lilitushinda nyumbani: ikiwa mwezi mpevu ni mara moja tu kwa mwezi, mbona bamvua huja mara mbili? Mjomba wake, ambaye anafundisha fizikia sekondari, alimweleza kwamba mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua, dunia na mwezi huwa karibu kwenye mstari mmoja, kwa hiyo mvuto wa jua huuongezea nguvu ule wa mwezi. Mtoto akafikiri, kisha akauliza kwa nini maji hujaa hata upande wa dunia uliogeuka mbali na mwezi, wakati mwezi unavuta upande wa huku. Ilibidi mjomba achukue karatasi na kumwonyesha kwamba mvuto hupungua kadiri umbali unavyoongezeka, kwamba maji ya upande wa karibu huvutwa zaidi kuliko dunia yenyewe, na dunia nayo huvutwa zaidi kuliko maji ya upande wa mbali, ambayo hubaki nyuma na kuonekana yamejaa. "Basi jua nalo linafanya hivyo hivyo," mtoto akasema, "ila liko mbali." Mjomba wake aliniambia baadaye kwamba swali lile halijasikika darasani kwake kwa muda mrefu, naye anafundisha kidato cha tatu na cha nne.

Juma hilohilo alipewa kazi ya kuandika sentensi tano kuhusu bahari. Daftari hilo bado ninalo. "Maji hujaa na kupwa" limeandikwa "Maji huja na kupa". "Bamvua" limekuwa "bavua". "Mwezi" limeandikwa "mezi" kwenye mstari wa pili na "mwzi" kwenye mstari wa nne, na herufi b na d zimebadilishana nafasi mara kadhaa katika ukurasa mmoja. Chini yake kuna wino mwekundu: rudia mara kumi. Mwalimu aliyesahihisha hakuwa na njia ya kujua kwamba aliyeandika ukurasa ule ndiye aliyekokotoa saa za maji, kwa kuwa shuleni hakuna aliyemwuliza habari za maji kwa mdomo.

Hali hii ina historia ndefu katika maandishi ya madaktari. Tarehe 7 Novemba 1896, jarida la British Medical Journal lilichapisha maelezo mafupi ya Dkt. W. Pringle Morgan, wa mji wa Seaford nchini Uingereza, kuhusu kijana wa miaka 14 aitwaye Percy. Kijana huyo alikuwa mwerevu, hodari wa michezo, na hesabu za tarakimu hazikumsumbua. Aliweza hata kukokotoa mabano ya aljebra. Kusoma kulimshinda, ijapokuwa alikuwa amefundishwa kwa miaka, na alipoandika jina lake mwenyewe aliandika "Precy". Daktari alinukuu kauli ya mwalimu wake, kwamba kama masomo yote yangetolewa kwa mdomo, huyu angekuwa mwerevu kuliko wote shuleni. Miaka mingi imepita tangu mwalimu yule aseme hivyo, na bado sijaona sentensi inayomweleza binti yangu vizuri zaidi.

Leo hali hiyo huitwa disleksia. Chanzo chake ni namna ubongo unavyozishughulikia sauti za lugha na kuziunganisha na herufi. Macho huwa hayana kosa, wala akili haina upungufu. Hurithiwa katika ukoo, na mara nyingi ukiuliza vizuri utampata baba, shangazi au binamu aliyeteseka vivyo hivyo akaitwa mzito. Huathiri watu wa lugha zote, ingawa sura yake hubadilika. Mwaka 2001 Eraldo Paulesu na wenzake walichapisha katika jarida la Science utafiti uliolinganisha watu wazima wenye disleksia wa Italia, Ufaransa na Uingereza. Waitaliano, ambao maandishi ya lugha yao hufuata sauti kwa karibu, walisoma kwa usahihi zaidi kuliko wenzao, lakini picha za ubongo zilionyesha upungufu uleule wa kazi katika eneo lilelile kwa makundi yote matatu.

Habari hiyo inatuhusu sana sisi tunaosoma Kiswahili, kwa sababu maandishi yetu yanafanana na ya Waitaliano katika jambo hilo. A ni a popote inapokaa, na silabi karibu zote huishia kwenye irabu. Mtoto mwenye disleksia hufika mahali akaweza kulisoma neno la Kiswahili sawasawa, lakini polepole mno, kwa kulitambaa silabi kwa silabi. Kinachomwangusha ni urefu. Neno kama "hawakutuambia" ni sentensi nzima, na msomaji anayelitambaa hufika kwenye "-ambia" akiwa ameshasahau kwamba lilianza na "hawa-", hivyo hajui nani hakusema wala nani hakuambiwa. Herufi zinazoandikwa pamoja humsumbua pia: mb, nd, nj, ng na ng', mw, kw, pw, dh na th. Ndipo binti yangu anapoangusha m katika "bamvua" na w katika "kupwa". Mwalimu anayesubiri kuona mtoto asiyeweza kabisa kusoma hatamwona huyu, maana anasoma. Tatizo ni kwamba anasoma kwa gharama kubwa kiasi kwamba hakibaki kitu cha kuelewa alichosoma.

Kipaji nacho humsaidia kujificha. Darasa la Kwanza na la Pili, ambako mkazo ni kusoma, kuandika na kuhesabu, binti yangu alikuwa amekariri kitabu kizima cha kusomea. Alikijua kwa picha: akiona mbuzi na kisima anatamka ukurasa ule bila kukosea, kidole chake kikipita juu ya maneno kwa mwendo unaofaa. Mwalimu mmoja, ambaye namshukuru hadi leo, aliyafunika maneno yote isipokuwa moja la katikati ya mstari, akamwambia alisome. Hakuweza. Carol Greider, mwanasayansi wa Marekani aliyepata Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2009, ameeleza hadharani kwamba ana disleksia na kwamba utotoni alifidia kwa kukariri maneno. Mtoto mwenye kumbukumbu nzuri anaweza kuifanya kazi hiyo kwa miaka, mpaka maneno yawe mengi kuliko kumbukumbu, na kwa wengi wakati huo ni Darasa la Tatu au la Nne, masomo yanapoongezeka. Hapo hushuka ghafla, na watu wazima hutafuta sababu kwenye tabia: ameanza utundu, amependa michezo, runinga imemharibu.

Yako maficho ya namna nyingine. Kuna mtoto ambaye ugumu wake ni mzito hata kipaji hakionekani kabisa, akakalishwa nyuma na kupewa kazi za kurudia herufi mwaka baada ya mwaka, huku kichwani akitembea na maswali makubwa. Na kuna yule ambaye vitu viwili hivi vinafutana kabisa, akapata alama za wastani katika kila kitu na asiwahi kuleta wasiwasi. Huyu wa mwisho ndiye anayenihuzunisha zaidi, kwa sababu hakuna mtu anayemtafuta.

Ni haki pia kusema kwamba mtoto anayesoma kwa shida hana disleksia moja kwa moja. Darasa lenye watoto wengi mno na vitabu vichache huzalisha wasomaji dhaifu ambao hawana tatizo lolote la ubongo. Mtoto aliyeanza shule akiwa anazungumza Kisambaa, Kimasai au Kisukuma nyumbani anahitaji muda wa kuzoea Kiswahili. Wapo wasioona ubao na wasiosikia vizuri, na kwa hiyo vipimo vya macho na masikio viwe vya kwanza, kwani ni rahisi kuvipata kuliko vingine vyote. Dalili inayonifanya nimfikirie mtoto kwa namna ya pekee ni pengo la kudumu kati ya mdomo na kalamu. Mwulize swali gumu kwa mdomo, kisha mwulize lilelile kwa maandishi. Yakirudi majibu ya watoto wawili tofauti, na hali ikabaki hivyo hata baada ya kufundishwa vizuri kwa miezi, hapo pana jambo la kuchunguza.

Mwanasaikolojia wa elimu akipatikana, atatumia vipimo kama kile cha WISC, cha kupima uwezo wa akili wa watoto, ambacho toleo lake la kwanza lilitolewa na David Wechsler mwaka 1949. Matoleo ya sasa hutoa alama za maeneo mbalimbali, yakiwemo uelewa wa lugha, kufikiri kwa maumbo na mpangilio, kumbukumbu ya muda mfupi na kasi ya kufanya kazi. Mzazi aombe kuelezwa alama za kila eneo na asikubali kuondoka na jumla peke yake. Jumla ni wastani mwingine, na kwa mtoto wa aina hii eneo moja linaweza kuwa juu sana na jingine chini sana. Vipimo hivyo vilitengenezwa kwa watoto wa nchi nyingine, kwa hiyo vinahitaji mtu anayejua kuvitafsiri kwa mtoto wa Kitanzania. Wengi wetu hatutampata mtu huyo karibu, wala kukosekana kwake kusitufanye tukae bila kufanya kitu.

Kwa upande wa kusoma, njia zinazosaidia zinafanana duniani kote na nyingi hazina gharama. Msingi wake uliwekwa Marekani na daktari Samuel Orton na mwalimu Anna Gillingham katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita: fundisha sauti na herufi kwa mpangilio wa wazi, kutoka rahisi kwenda ngumu, usiruke hatua, na uutumie mkono, jicho, sikio na mdomo kwa pamoja. Sisi tunatumia mchanga wa ufukweni uliomwagwa kwenye sinia. Anaitamka "mb" huku akiichora kwa kidole, anaifuta, anaitamka "b", anaichora, kisha namtajia maneno na yeye anaonyesha ni ipi aliyoisikia. Muda ni mfupi, kila siku, asubuhi akiwa hajachoka. Kurudia neno mara kumi kwenye daftari hakumfundishi kitu, kwa sababu akikosea mara ya kwanza atalikosea mara tisa zinazofuata na kulizoea kosa.

Lililotusaidia kuliko yote lilitokana na kipaji chake. Kwa kuwa akili yake hupenda mpangilio, mjomba wake alimwonyesha jinsi vitenzi vya Kiswahili vinavyojengwa: nafasi ya mtendaji, nafasi ya wakati, nafasi ya mtendwa, kisha mzizi. Waliandika viambishi kwenye vipande vya boksi, rangi moja kwa kila nafasi, na akaanza kuvipanga: ni-na-ku-ambia, a-li-ku-ambia, wa-ta-tu-ambia, hawa-ku-tu-ambia. Alifurahi kama aliyepewa fumbo la hesabu. Tangu hapo neno refu halianzi tena kwake kama msururu wa herufi kumi na tatu. Ni vipande vinne anavyovijua, na macho yake yamejifunza kuvitafuta. Kiswahili kina zawadi hiyo kwa msomaji anayependa mantiki, na nashangaa kwamba tunaichelewesha hadi masomo ya sarufi ya madarasa ya juu, wakati ingeweza kumwokoa mtoto wa Darasa la Tatu.

Saa za kusoma zisiimeze siku nzima. Hapa ndipo ninapotofautiana na ndugu zangu wengi, ambao kwa nia njema kabisa wangependa aende twisheni ya Kiswahili kila jioni na Jumamosi nzima mpaka awe sawa, na kwenda miambani na bibi yake kusubiri. Mtoto aliyeshinda shuleni akifanya jambo linalomshinda, akirudi nyumbani akapewa lilelile tena, anajifunza somo moja tu kwa uhakika: kwamba yeye ni mtu wa kushindwa. Tumbo la kuuma siku ya imla, hasira za jioni zisizo na sababu, kalamu zinazopotea kila siku, hayo yote nimeyaona, na yalipungua aliporudishiwa muda wa kufanya anachokiweza. Kila juma ana jioni za mjomba, na hapo hasomi wala haandiki. Wanazungumza kuhusu maji, pepo za kusi na kaskazi, na kwa nini meli ya chuma inaelea. Ninamsomea vitabu vilivyo juu ya umri wake, kwa kuwa masikio yake yako mbele ya macho yake kwa madarasa kadhaa. Akiwa na jambo refu la kueleza, analisema kwenye simu na simu inaliandika kwa Kiswahili; kisha tunalisoma pamoja, na kwa kuwa maneno ni yake mwenyewe, anayasoma kwa hamu ambayo kitabu cha darasa hakijawahi kumpa.

Shuleni niliomba mambo machache, na niliyachagua kwa kuufikiria mzigo wa mwalimu mwenye darasa kubwa. Asisomeshwe kwa sauti mbele ya wenzake bila kuandaliwa. Asinyimwe mapumziko kwa sababu hajamaliza kunakili ubaoni. Mwenzake amwazime daftari. Kwenye Sayansi na Hisabati asahihishwe kwa alichokijua, na makosa ya tahajia yawekwe alama pembeni bila kukatwa. Na maswali ya mafumbo ya Hisabati asomewe, kwa sababu mafumbo ndiyo yaliyokuwa yakimwangusha katika somo analoliongoza: kuzidisha na kugawanya hakumsumbui, ila hakuwa amefika mwisho wa swali kengele ilipogongwa. Mwalimu wake wa darasa alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Mama, hili la kusomewa mafumbo nalianza kesho, na wapo wengine watano litakaowafaa." Alianza kesho yake kweli. Fimbo nayo tuliizungumzia kwa uwazi, na msimamo wangu ni kwamba hakuna kiboko kilichowahi kuiweka m mbele ya v.

Mtoto mwenyewe anapaswa kuambiwa ukweli. Tulimweleza kwamba ubongo wake unafanya kazi ya herufi kwa njia ndefu na kazi ya mpangilio kwa njia fupi, kwamba hali yake ina jina, na kwamba kuna watu wazima wenye hali hiyo wanaofanya kazi kubwa. Sikutumia orodha zile zinazosambaa za watu mashuhuri waliokwisha kufa, ambao hakuna aliyewapima. Nilimtajia Greider, na Jacques Dubochet wa Uswisi, aliyepata Nobel ya kemia mwaka 2017 na ambaye mwenyewe aliandika kwamba alikuwa mtoto wa kwanza kutambuliwa rasmi kuwa na disleksia katika jimbo lake la Vaud. Aliuliza kama huyo Dubochet aliandikiwa wino mwekundu. Nikamwambia sijui, lakini sina shaka aliwahi kuuona.

Mfumo wetu wa elimu una nafasi ya vipaji, na ni jambo la kujivunia. Shule za serikali za vipaji maalumu, kama Ilboru, Mzumbe, Kibaha, Kilakala, Msalato na zile mbili za Tabora, zimelea vijana wengi hodari. Mlango wa kuingilia, hata hivyo, ni mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, na mtihani huo husomwa kimyakimya kwa saa iliyopangwa. Mtoto aliyegundua mwenyewe kuchelewa kwa maji kila siku atapimwa kwa kasi yake ya kusoma maswali, hata katika somo la Sayansi. Mbele yake kuna ukuta mwingine: kidato cha kwanza masomo hugeuka kuwa ya Kiingereza, lugha ambayo herufi zilezile hutamkwa hivi katika neno moja na vile katika jingine. Kinga ambayo Kiswahili kilimpa itaondoka, na wapo watoto ambao ugumu wao utaonekana kwa mara ya kwanza hapo, wakiwa na miaka kumi na mitatu au zaidi, na kudhaniwa kuwa ni kutojua Kiingereza tu. Kwa sababu hiyo tumeanza Kiingereza nyumbani kwa masikio na mdomo, maneno ya sayansi kwanza, ili siku atakapokutana nayo kwenye maandishi awe anapambana na herufi peke yake.

Yako mambo ambayo mzazi anaweza kuyadai kwa haki. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki ya mtoto mwenye ulemavu kusoma katika shule ya kawaida na kupewa huduma za msaada anazohitaji. Halmashauri zina maofisa wanaoshughulikia elimu maalumu, na chuo cha ualimu cha Patandi mkoani Arusha huandaa walimu wa fani hiyo. Inafaa kuuliza kama yupo aliyesomea huko katika shule yako au ya jirani. Wenzetu wa Kenya walianzisha vituo vya kupima mahitaji ya kielimu ya watoto mwaka 1984, na mzazi huko anajua mlango wa kugonga. Baraza la Mitihani la Tanzania lina utaratibu kwa watahiniwa wenye mahitaji maalumu, kama maandishi makubwa, nukta nundu na muda wa nyongeza. Taarifa za mtahiniwa hupelekwa na shule wakati wa usajili, kwa hiyo suala la mtoto mwenye ugumu wa kusoma linapaswa kuulizwa kwa maandishi mapema, likiwa na ushahidi wa miaka, badala ya kuibuka wiki ya mtihani.

Ushahidi huo ninaukusanya kwenye faili moja. Ndani yake kuna majibu ya vipimo vya macho na masikio, kurasa za imla za kila muhula zenye tarehe, kazi ya Hisabati aliyosomewa mafumbo ikiwa pamoja na ile aliyosoma mwenyewe, na maelezo ya mwalimu wa darasa kuhusu tofauti anayoiona. Kwenye simu kuna sauti yake akieleza kujaa na kupwa kwa maji, na nakala ya ukurasa alioandika juma lilelile kuhusu jambo lilelile. Mwalimu mkuu amepokea barua yangu pamoja na nakala za hayo yote, Ofisa wa Elimu Maalumu wa halmashauri amepata yake, na tumekubaliana kukutana watatu kabla ya muhula ujao kufunguliwa, mwalimu wa Sayansi akiwepo. Nitakachoomba kwanza katika kikao hicho ni kwamba ripoti yake ijayo iandike alama za mdomo na za maandishi kwenye safu mbili tofauti.